Leseni ya Ugenini na Ukuta wa Chokaa

Katika mijadala ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imezoeleka hoja kwamba mbunifu majengo aliyekwisha kusajiliwa kwao asitahiniwe tena anapovuka mpaka. Itifaki iliyoanza kutumika Julai 2010 inazitaka nchi wanachama zitambuane sifa za kitaaluma, na mwaka 2011 wabunifu majengo wakatiliana saini mapatano yao. Vyeti kutambuliwa sikupingi. Ninachokipinga ni dhana iliyofichwa humo, kwamba jengo ni jengo tu, liwe Kigali au Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Watetezi wa hoja hii wanaye shahidi mzuri: John Sinclair, Mwingereza aliyetuachia Mahakama Kuu ya Vuga bila kutahiniwa na bodi yoyote ya hapa. Mimi namsoma kinyume. Mahakama ilikamilika 1908. Beit el Amani, jengo lake jingine pale Mnazi Mmoja, ikafunguliwa 1925. Kati ya majengo hayo mawili kuna miaka 17, na Sinclair alikuwa mtumishi wa serikali aliyeishi katika mji huu. Mwombaji wa leo huja na mkataba wa miezi.

Na mji wenyewe una tabia zake. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa udongo na chokaa. Ukuta huo hunyonya maji chini na kuyatoa usoni mwake, taratibu. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda, hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyochimbiwa ukutani. Nimeingia nyumba moja ambayo rangi yake ilikuwa mpya kabisa. Nilipobonyeza kichwa cha boriti kwa kidole, kidole kikazama. Plasta ilipobanduliwa ilitoka kipande kizima, na mawe yakaifuata. Boriti hizo za mikoko ndizo zinazoamua upana wa chumba, kama mita tatu hivi. Anayevunja ukuta ili apate ukumbi mpana huwa amegusa pia nyumba ya jirani iliyoegemea hapo.

Nitaambiwa kwamba Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, ipo na hukagua michoro. Ipo, na kazi yake naiheshimu. Lakini mchoro hauonyeshi kilichochanganywa kwenye karai. Nitaambiwa tena kwamba hata wenyeji wanapaka saruji. Ni kweli, na ndiyo maana sidai mtihani wa wageni peke yao. California humtaka kila mwombaji, hata aliyekwisha kupata leseni New York, afanye mtihani wa nyongeza, na matetemeko ya ardhi ni sehemu ya mtihani huo. Hakuna anayeiita hiyo chuki kwa wageni.

Zanzibar inaweza kufanya vivyo hivyo bila kusubiri mtu. Usajili wa wabunifu majengo haumo katika mambo ya Muungano. Tuna sheria yetu na bodi yetu. Mtihani wa nyongeza ufanyiwe ukutani, Malindi au Shangani, kwa yeyote atakayegusa nyumba za zamani. Mmoja wa watahini awe fundi chokaa, hata kama hana cheti, na kura yake ilingane na za wenzake.