Dago la Wavuvi wa Kisegi

Safari ya dago, yaani kuhama na chombo na kulala ufukoni mbali na kwao ili kufuata samaki, ni ada ya kale katika mwambao wa Kisegi, ambako Wasuba, waliovuka Ziwa Viktoria kutoka upande wa Buganda na Busoga kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, walistakimu wakapakana na Wajaluo. Njia haikuchaguliwa kwa pupa: nahodha alizingatia kwanza upepo, kwa kuwa usiku huvuma kutoka nchi kavu na mchana kutoka ziwani, kisha akatafuta ghuba yenye sitara, mchanga na kuni, iwe chini ya milima ya Gwassi, ama kisiwani Mfangano, na masika yalipojaza mto Kuja, alielekea mlangoni mwake kuwavizia samaki aina ya ningu wapandao mto kuzaa.

Lakini mwaka 1905 nyavu za kigeni ziliingia katika Ghuba ya Kavirondo ya ziwa hilo, na samaki aina ya ngege wakapungua kwa kasi, hata mtaalamu wa uvuvi Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ushauri huo haukudumu. Na katika miaka ya 1950 akaletwa mbuta, aliyewala samaki wengi wa asili.

Basi, ewe msomaji unayenuia kupiga kambi huko kwa mtumbwi, waulize kwanza wavuvi wazee, wala usitupe wavu wa macho madogo.