Nyumba za Mlimani Zisizo na Mlinzi



Mwaka 1942, vita kuu ya pili ya dunia ikiendelea, jeshi la Marekani lilijenga kambi katika bonde la jimbo la Colorado, kwenye mwinuko wa mita 2,800 hivi. Iliitwa Camp Hale. Huko askari wa Divisheni ya 10 ya Milima walijifunza kupanda majabali, kulala katika baridi kali, na kuteleza juu ya theluji wakiwa wamefunga mbao ndefu miguuni. Mwaka 1945 walipigana Italia. Usiku wa tarehe 18 Februari walipanda kimya kimya magenge ya Riva Ridge, ambayo adui aliyadhani hayapandiki, wakayateka. Hadi vita ilipokwisha, karibu wenzao 1,000 walikuwa wameuawa.

Waliosalia walirudi na ujuzi walioupata kwa ajili ya vita. Wangeutumia kwa nini? Mmoja wao, Fritz Benedict, msanifu wa majengo, alifanya makao yake katika mji wa Aspen, karibu na milima ileile. Alivutiwa na desturi ya milima ya Alpi huko Ulaya, ambako msafiri hutembea siku kadhaa akipata kila jioni nyumba ya kulala. Desturi hiyo ina mizizi ya kale. Tangu karne ya 11, nyumba iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernard wa Menthon, mpakani mwa Uswisi na Italia, imewapokea wapita njia kwenye mwinuko wa mita 2,469.

Mwaka 1980 Benedict na wenzake waliunda chama, wakakipa jina la divisheni yao. Kazi haikuwa nyepesi: ardhi ilikuwa misitu ya umma, hivyo ilihitajika idhini ya serikali, tena ilihitajika fedha. Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wakati wa vita ya Vietnam, alifiwa na mkewe Margaret mwaka 1981. Yeye na rafiki zake walitoa mchango, na mwaka 1982 nyumba mbili za kwanza zikasimama kwa ukumbusho wa mama huyo. Leo mtandao una nyumba zaidi ya 30, na njia zake zimepita kilomita 500.

Nyumba hizo hazina mtumishi. Mna jiko la kuni, vitanda, vyungu na taa za nguvu ya jua. Wakati wa baridi, maji hupatikana kwa kuyeyusha theluji. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko mgeni hushika jembe siku ya kwanza: huchanja kuni, huosha vyombo, hufagia, ndipo aondoke. Atakayefika jioni akitetemeka kwa baridi hutegemea uaminifu wa mtu asiyemjua, aliyeondoka asubuhi.

Nyumba hizo haziwarudishi waliouawa. Lakini zaonyesha kwamba mikono iliyofundishwa kushika bunduki yaweza kumjengea mgeni mahali pa kulala.

Tutafakari pamoja: katika kikundi chetu, atakayekuja baada yetu atakuta kuni zimechanjwa?