Tuzo isiyo na namba moja: Miaka 60 ya Tuzo ya Rais

Mwaka huu wa 2026 Tuzo ya Rais inatimiza miaka 60 nchini Kenya. Ilianza mwaka 1966, Mzee Jomo Kenyatta akiwa mlezi wake, na tangu hapo kila rais ameurithi ulezi huo pamoja na kiti. Lakini simama nje ya lango la shule yoyote ya sekondari uulize maana ya ngazi zake tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu. Wengi watakujibu habari za riadha.

Mzizi wa tuzo hii uko Ujerumani, kwa mwalimu aliyeitwa Kurt Hahn. Alizaliwa Berlin mwaka 1886 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1920 akashiriki kuanzisha shule ya Salem, ambako mtoto alifunzwa kwa vitabu, kwa mazoezi ya mwili na kwa kazi ya mikono vilevile. Hahn aliona vijana wa zama zake wanadhoofika kwa njia sita: mwili, uthubutu, kumbukumbu na ubunifu, ustadi wa kazi, nidhamu ya nafsi, na huruma. Katika yote sita, kupotea kwa huruma ndiko kulikomtisha zaidi.

Kiangazi cha 1932, katika kijiji cha Potempa, wanamgambo wa chama cha Hitler walimvamia mkomunisti mmoja nyumbani kwake usiku na kumuua mbele ya mama yake. Watano walipohukumiwa kifo, Hitler aliwapelekea simu ya maandishi ya kuwaunga mkono. Hahn hakunyamaza. Aliwaandikia wahitimu wa Salem kwamba wachague moja, Hitler au shule yao. Miezi michache baadaye Hitler akashika dola, na mwezi Machi 1933 Hahn akatiwa ndani. Aliachiliwa baada ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, kumwombea, akakimbilia Uingereza. Mwaka 1934 alifungua shule ya Gordonstoun huko Scotland. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwamo kijana aliyekuwa amepitia Salem kwa muda mfupi, naye ni Philip, ambaye baadaye angekuwa mume wa Malkia Elizabeth.

Miaka ishirini ikapita. Mwalimu akamwendea mwanafunzi wake wa zamani na kumsihi aanzishe tuzo ya vijana kwa taifa zima. Wakati huo wavulana wengi wa Uingereza waliacha shule wakiwa na miaka 15, na jeshi liliwachukua wakifika 18. Ile miaka mitatu ya katikati haikuwa na mwenyewe. Philip akalikubali wazo, akaenda kumweleza Waziri wa Elimu, David Eccles. Kwa masimulizi ya Philip mwenyewe miaka mingi baadaye, Waziri aliguna, kisha akasema amesikia wanataka kuunda kitu mfano wa jeshi la vijana la Hitler.

Hebu tulipime neno hilo. Mwenye wazo alikuwa mtu aliyefungwa kwa kumpinga Hitler hadharani. Hata hivyo hofu ya Waziri haikuwa ya kupuuzwa, kwani Ulaya ilikuwa imeona kinachotokea dola inapowavisha watoto sare na kuwafundisha kutii. Jibu lilikuwa ndani ya tuzo yenyewe. Haina sare wala kiapo, na wala si lazima ujiunge na chama chochote. Anayeingia huingia kwa hiari na kujiwekea malengo yake. Kijana hashindani na jirani yake. Anashindana na alivyokuwa jana.

Tuzo ilizinduliwa Uingereza Februari 1956 kwa wavulana, chini ya John Hunt, kiongozi wa msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Wasichana walifunguliwa mlango mwaka 1958.

Kwetu, falsafa ya Hahn ilikuwa imetangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya mlimani ya Outward Bound, matunda ya fikra zake, ilifunguliwa Loitokitok, na vijana wakapanda Kilimanjaro kutoka upande wa Kenya. Tuzo ilipofika mwaka 1966 ilikuta udongo umeshalimwa.

Masharti yake hayajabadilika sana: huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya viungo, na safari ya nyikani. Wa Dhahabu, aliyetimiza miaka 16, huongeza siku tano za kuishi na kufanya kazi na watu asiowajua. Mwaka 2017 Bunge liliipa Tuzo sheria yake.

Leo mtaala wetu mpya unamtaka kila mwanafunzi wa sekondari ya juu ajifunze kwa kuihudumia jamii. Ni jambo jema. Lakini mbona tunazungumza kana kwamba tumeligundua jana? Wako walimu waliozeeka wakiwapeleka watoto kupanda miti, kuwasomea wazee na kulala kwenye mahema yanayovuja. Hao wangeitwa kwanza, kabla ya washauri wa semina za hotelini. Na hema lisiwe fursa ya shule zenye uwezo pekee. Kijana wa shule ya kutwa ana miguu ileile.

Safari ya Dhahabu ni siku nne na usiku tatu. Kundi huwa la vijana wanne hadi saba. Hubeba chakula chao na kusoma ramani wenyewe, mkaguzi akiwaangalia kwa mbali. Huondoka pamoja na kufika pamoja, kwa hiyo mwendo wao ni mwendo wa yule aliyechoka zaidi, na wenye nguvu hugawana mzigo wake. Katika nchi inayowapanga watoto wake kwa alama tangu chekechea, somo hilo tumekuwa nalo kwa miaka 60. Ni somo la huruma, ile ambayo Hahn aliogopa zaidi isipotee.