Kibodi ya chaki

Wenzangu, kila tukikutana lazima mtu aseme masomo ya siku hizi ni mepesi kuliko yetu. Mimi sikubali.

Sisi tulisoma kwa kukopi. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunahamisha kwenye daftari, usiku tunameza. Ilikuwa na akili yake pia, juu mwisho wa safari kulikuwa Exetat, iliyoanza 1967, na sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Anayekumbuka ndiye anapata diplomi.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilibadilisha mambo. Première na deuxième secondaire yetu ikawa darasa la saba na la nane. Halafu mradi wa PEQPESU, kwa pesa za Benki ya Dunia, ukaleta programu mpya za sayansi. Humo fizikia imeunganishwa na teknolojia pamoja na kompyuta, na somo linaanzia kwenye hali ambayo mtoto anaijua: mama anapima unga sokoni, baba anazungushia shamba ukuta. Mwanafunzi anatafuta mwenyewe, kanuni inakuja nyuma. Hiyo njo ngumu, si kumeza!

Nilifundisha darasa la nane kwenye shule moja ya pembezoni, umeme hakuna. Somo la kompyuta nilichora kibodi kwa chaki, kila mtoto akachora yake kwenye karatasi na kuweka vidole juu. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, hii ya Entrée, ukiifinya kunatokea nini?" Nikatoa simu yangu, ikazunguka benchi kwa benchi mpaka betri ikaisha. Siku ile hakuna aliyesinzia.

Lakini wazazi walifungua madaftari, wakakuta kurasa chache. Mkuu wa shule akaniita: "Mwalimu, hawa watafanya mtihani na nini?" Sikuwa na jibu, maana mtihani wenyewe ni ule ule. Muhula uliofuata nilirudi kwenye imla. Sijivunii.

Programu tumeibadilisha, mtihani tumeuacha. Wenzetu mlio wakaguzi, hapo njo naomba mtuambie ukweli. Na mwenye kompyuta kuukuu inayowaka, hata moja, aniandikie. Ya umeme tutapambana nayo.