Kisomo kwa Redio: Wakulima wa Kusini Walivyoipima Sauti ya Dar es Salaam

Elimu kwa masafa, yaani mafundisho yanayomfikia mwanafunzi bila mwalimu kukaa naye darasani, iliwafikia wakulima wengi wa Tanzania kwa njia ya redio, na namna walivyoipokea katika vijiji kama Malolo, katika eneo la Nachingwea na Ruangwa, haieleweki pasipo kuziangalia kampeni zilizoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kuanzia mwaka 1969. Kampeni ya kwanza, Kupanga ni Kuchagua, ilifafanua mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ikafuatiwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, kisha Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru.

Mtindo uliotumika ulikuwa wa vikundi vya kusikiliza, ambao Canada ilikuwa imeujaribu kwa wakulima wake tangu mwaka 1941: wanakikundi walikutana kila wiki, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana na kuamua la kufanya. Kwa mtu mzima aliyeona haya kuketi kwenye dawati la watoto, utaratibu huo ulikuwa na heshima yake, kwa kuwa mzee asiyejua kusoma aliweza kuchangia hoja sawa na kijana aliyemaliza darasa la saba. Hata hivyo, Kiswahili cha studio hakikuwa lugha ya nyumbani kwa wazee wengi waliokulia katika Kimwera, Kimakua au Kiyao, na kwa sababu hiyo kiongozi wa kikundi, ambaye kwa kawaida alipata mafunzo ya siku chache tu, ndiye aliyeamua kama kipindi kingeeleweka au kingepita kama upepo.

Mtu ni Afya, kampeni ya mwaka 1973 iliyofadhiliwa kwa sehemu na Sweden, ndiyo iliyoonyesha mtazamo wa wanavijiji kwa uwazi zaidi. Ilihusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, ikawakusanya watu wapatao milioni mbili nchini kote chini ya viongozi wa vikundi takriban 75,000, na matokeo yake yakaonekana katika mashimo ya vyoo yaliyochimbwa na vichaka vilivyofyekwa. Ushauri huo ulikubalika kwa sababu ulidai jembe na nguvu, vitu ambavyo mkulima alikuwa navyo. Wala haifai kusahau kwamba mkono wa chama na serikali ulikuwapo pia, hivyo si kila choo kilichochimbwa kilikuwa ushahidi wa kushawishika.

Chakula ni Uhai, iliyofuata mwaka 1975, ilikutana na hali ngumu zaidi. Kuhimiza lishe kamili katika nchi ya miombo yenye mbung'o, ambako ng'ombe walikuwa wachache na mihogo na mtama ndivyo vilivyojaza chungu, kulimwachia msikilizaji maswali ambayo redio, ikiwa chombo kisemacho bila kujibu, haikuweza kuyapokea. Isitoshe, kaya nyingi zilikuwa zimehamishwa muda mfupi kabla yake katika operesheni ya kuwakusanya watu vijijini, na familia iliyoacha miembe na mikorosho yake nyuma haikuwa na sababu ya kupokea kila agizo la Dar es Salaam kwa moyo mweupe.

Mafanikio ya kisomo kitaifa hayana ubishi, kwani kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika kilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Lakini Misitu ni Mali, kampeni ya mwaka 1980, ilifika baada ya vita vya Kagera, wakati bidhaa zilipoadimika madukani, na redio isiyo na betri haikuweza kumfundisha mtu hata kama mtu huyo alikuwa tayari kujifunza.