Macho Mekundu ya Bibi: Uzee, Hofu na Afya Katika Nchi Yetu



Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia ambayo wengi wetu tunaoishi Masumbwe, na ndugu zetu wa Kahama, Bukombe, Geita na Shinyanga, tunaifahamu kwa minong'ono lakini mara chache tunaizungumza hadharani. Ni historia ya uzee. Ni historia ya namna mwanamke mzee, aliyepaswa kuheshimiwa kwa miaka yake, alivyofikia kuogopwa kwa sababu ya miaka hiyohiyo, na mara nyingi kuuawa. Wilaya yetu ya Mbogwe iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, na kabla ya hapo tulihesabiwa Shinyanga. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini historia hii ni yetu sote, Wasukuma na Wasumbwa.

Nia yangu ni kuonyesha jambo moja. Hofu hii haimo katika damu ya watu wetu. Ilikua kwa sababu zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine, na kitu chenye sababu kinaweza kukomeshwa.

Uzee ulipokuwa cheo

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Kwa Wasukuma usemi huo ulikuwa utaratibu wa maisha. Namhala, yaani mtu mzima aliyefikia umri wa hekima, alikuwa na nafasi katika baraza. Banamhala waliamua ugomvi wa mipaka, wa mahari na wa mifugo, na mtemi mwenyewe hakutawala bila kuwasikiliza. Bibi naye alikuwa mkunga, mjuzi wa dawa za mizizi na majani, mlezi wa wajukuu na mtunza kumbukumbu za ukoo.

Tusiipambe mno enzi hiyo. Imani ya uchawi ilikuwapo, na walioshutumiwa waliteseka. Walakini shutuma ilikuwa na mahali pa kupelekwa. Ilifika mbele ya mtemi na wazee wake, na mara nyingi adhabu ilikuwa kufukuzwa. Ardhi ilikuwa tele, na kaya zilikaa mbalimbali. Aliyefukuzwa aliweza kuhamia kwa mtemi mwingine akajenga upya. Kulikuwa na dhuluma, lakini kulikuwa pia na njia ya kubaki hai.

Jinsi njia hiyo ilivyofungwa

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, nayo ikabaki katika vitabu vya sheria za nchi hata baada ya uhuru. Iliharamisha uchawi na pia kumshutumu mtu uchawi nje ya vyombo halali. Lakini mahakama hutaka ushahidi, na nani anaweza kuleta ushahidi wa jambo lisiloonekana? Watu wakaona kwamba serikali haiwasikilizi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na baraza la mtemi likapoteza mamlaka yake. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Kaya zilizozoea kutengana kwa mashamba na malisho zikasogezwa zikae karibu karibu. Jirani akaona nani ana ng'ombe wengi, nani mtoto wake amekufa, na nani anakaa peke yake gizani.

Basi hofu ikabaki, lakini baraza la kuisikiliza halikuwapo tena, wala pori la kukimbilia. Ndipo mapanga yakaanza kutembea usiku.

Kamati iliyoundwa baadaye kuchunguza mauaji hayo ilikusanya hesabu za miaka 1970 hadi 1984. Katika Tanzania Bara watu 3,693 walikuwa wameuawa kwa tuhuma za uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu ya wote waliuawa katika nchi ya Wasukuma. Tusome tarakimu hizo polepole. Kila moja ilikuwa na jina, na wengi wao walikuwa na wajukuu waliolala chumba kilekile.

Serikali haikukaa kimya, lakini hata juhudi zake zilileta kilio. Mwaka 1976 watu wengi walikamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa kuhusishwa na mauaji hayo. Baadhi yao waliteswa, na wengine walifia mikononi mwa dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa ameagiza mateso hayo. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu kwa kuwa yalitokea chini ya wizara yake. Wengi wanamkumbuka kama Rais wa Awamu ya Pili, lakini sisi wa kanda hii tungemkumbuka pia kwa kitendo hicho. Kinatufundisha kwamba uovu haukomeshwi kwa uovu mwingine.

Miaka ya mwanzo ya 1980, katika eneo la Kahama, wananchi walianzisha Sungusungu ili kujilinda na wezi wa mifugo. Walirudisha usalama mahali pengi. Lakini katika baadhi ya vijiji wale waliomsaka mwizi walimsaka pia bibi aliyenong'onwa kuwa mchawi.

Moshi, mvua na shamba

Kwa nini hasa wanawake wazee? Jibu la mitaani linajulikana: macho yao ni mekundu. Tulichunguze jibu hilo.

Mwanamke wa kijijini huanza kupika akiwa binti mdogo na huendelea hadi nguvu zimwishe. Hupika juu ya mafiga matatu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, mara mbili au tatu kwa siku, kwa miaka hamsini au sitini. Katika Shinyanga ya mashariki hali ilikuwa mbaya zaidi. Wakati wa ukoloni misitu mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza iliyosalia. Kuni zikawa adimu, na watu wakapikia samadi kavu na mabua, ambavyo moshi wake huwasha macho vibaya mno. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua desturi ya zamani ya ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yapumzike. Miti ilirudi katika maelfu ya hekta. Sisi wa Masumbwe tulibahatika kuwa na kuni zaidi, lakini jiko letu ni lilelile na moshi ni uleule.

Kwa hiyo macho mekundu ya bibi ni kumbukumbu ya ugali aliotupikia. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa bibi zetu ujana uliondoka, moshi ukabaki machoni.

Mvua nayo ina sehemu yake. Mtafiti wa uchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo na sasa iko Simiyu. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikuwa takribani mara mbili ya miaka ya kawaida, lakini mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee wa kaya maskini, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Tafsiri yake inatisha. Njaa inapoingia nyumbani, anayekula bila kulima huanza kuonekana mzigo, na uchawi huwa jina tu analopewa mzigo huo.

Jambo la tatu ni shamba. Kwa mujibu wa taratibu za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, mjane hakurithi mali ya mumewe, bali alitarajiwa kutunzwa na watoto wake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini mila ya urithi haikuondoka. Wajane wawili kutoka Mkoa wa Shinyanga walilifikisha jambo hili hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo ikaona kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mjane asiye na hati, anayeishi kwenye shamba ambalo shemeji analitamani, yuko hatarini hata kama macho yake ni meupe kama maziwa. Pale mpiga ramli anapomtaja, tuulize kwanza: nani atalima shamba lake mwaka ujao?

Uzee si uchawi, wala si ugonjwa

Tukiisha kuelewa hayo, tunaweza kuzungumza juu ya afya ya mzee bila giza. Mambo mengi tunayoyaogopa kwa wazee yana majina hospitalini.

Macho mekundu huweza kutokana na moshi, au na vikope, ugonjwa unaoenezwa na nzi na uchafu wa uso, ambao mwishowe hugeuza kope zikakwaruza jicho. Mboni yenye weupe ni mtoto wa jicho, nao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake au kumwita mwanawe kwa jina la marehemu, huenda ana ugonjwa wa kusahau. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu wa miaka 70 na zaidi, wakakuta takribani 6 katika kila 100 wana ugonjwa huo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba huku kwetu haupo. Ni bibi wangapi waliokutwa nje ya nyumba ya jirani usiku wa manane, wakapigwa kama wachawi, kumbe walikuwa wamesahau njia ya kurudi kwao?

Kuna pia shinikizo la damu na kisukari, ambavyo haviumi mpaka vimekwisha kuharibu mwili. Mtu wa miaka 60 apimwe hata kama anajiona mzima. Apate mboga, maharage na maji ya kutosha. Aendelee kutembea na kufanya kazi anayoiweza, maana kumketisha mzee siku nzima chini ya mwembe kwa kisingizio cha heshima ni kumdhoofisha. Na apate mtu wa kuzungumza naye, kwa maana upweke nao huuma.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ilielekeza kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Wengi hawaitumii haki hiyo kwa sababu hakuna kijana wa kuwapeleka zahanati. Zanzibar walipiga hatua nyingine Aprili 2016, walipoanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa. Mzee mwenye chochote mkononi hutazamwa na familia yake kwa jicho jingine. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini ni la kweli.

Yaliyo mikononi mwetu

Mafanikio yameonekana. Mwaka 1999, katika Wilaya ya Magu, shirika la HelpAge pamoja na vyama vya wenyeji walianza kujenga majiko yasiyo na moshi, kukarabati nyumba za wajane na kuzungumza na Sungusungu, waganga na vijana. Hawakuanza kwa kuwatukana watu kuwa washamba. Walianza na jiko, mlango na hati. Mwaka 2024 serikali nayo ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tusingoje mwaka huo. Jiko la udongo lenye bomba la moshi linajengwa kwa siku moja na vijana wawili wa jumuiya.

Ninyi vijana mlioko machimboni, mnapopata dhahabu mkumbuke kwamba mara nyingi mtoto mliyemwacha nyumbani analelewa na bibi. Mtumieni ya matumizi, na mumpeleke akapimwe macho. Wenye mashamba, andikeni wosia mkiwa hai na mtaje kwa jina sehemu ya mke. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, mkisikia minong'ono juu ya mama fulani, msingoje usiku uingie. Nendeni mkakae kwake, nanyi mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa polisi. Na wale wanaopokea Ekaristi asubuhi kisha jioni wakaenda kwa mpiga ramli kuuliza nani ameua ng'ombe wao, watambue kwamba jina watakalopewa huko linaweza kuwa hukumu ya kifo cha mtu asiye na hatia.

Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi. Na Mwinjili Luka anatusimulia habari za Ana, mjane wa miaka 84, aliyekaa hekaluni usiku na mchana akisali. Mjane, mzee, asiyelala usiku, anayesema maneno ambayo wengine hawayaelewi! Angeishi katika baadhi ya vijiji vyetu, angetajwa. Lakini Mungu alimchagua awe miongoni mwa wa kwanza kumtambua Mkombozi.

Juma hili kila familia imtembelee mzee mmoja asiye wa ukoo wake. Msalimieni shikamoo, mkague jiko lake, na mmuulize ni lini alipimwa macho kwa mara ya mwisho.