Wazee Wawili wa Jikoni

Katika nyumba nyingi za wakulima na wavuvi wa Japani ya zamani palikuwa na rafu karibu na jiko, na juu yake sanamu mbili za mti, wazee wanene wenye nyuso za kicheko. Mmoja ni Ebisu, mwenye ufito wa mshipi na samaki mwekundu. Wa pili ni Daikoku, mwenye nyundo ya neema, amesimama juu ya marobota mawili ya mpunga. Waliochonga wengi wao hawakutia majina yao.

Ebisu huhesabiwa kuwa mwenyeji. Daikoku ni mgeni. Asili yake ni Mahakala, mungu wa kutisha wa Bara Hindi, na jina lake maana yake ni Mweusi Mkuu. Mtawa wa Kichina Yijing, aliyezuru Bara Hindi katika karne ya 7, alieleza kwamba sanamu yake iliwekwa penye jiko la watawa, ikapakwa mafuta hata ikawa nyeusi. Huko Japani alichanganywa na Okuninushi, mungu wa kienyeji, kwa kuwa herufi za jina lake zaweza kusomwa Daikoku pia. Hivyo mwenye kutisha akawa mcheshi, na mgeni akawa mwenye nyumba.

Mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru ibada ya Buddha itengwe na ile ya miungu ya kienyeji. Mahekalu yakapekuliwa, sanamu nyingi zikachomwa au zikauzwa. Amri ilitaka kila mungu awe na upande mmoja, na Daikoku alikuwa na pande mbili. Lakini jiko la mkulima halikuwa hekalu, na wazee wale walizidi kusimama bega kwa bega, wakila moshi.

Baadaye vitu vya namna hii vilipata mtetezi. Yanagi Soetsu na wenziwe walibuni mwaka 1925 neno mingei, yaani sanaa ya watu, na mwaka 1936 wakafungua jumba lake Tokyo. Wakusanyaji wameokoa mengi. Lakini sanamu iliyo nyuma ya kioo haipewi tena wali. Basi yeyote aipataye asiisugue. Mchongaji hakuacha jina, wala aliyeomba hakuacha waraka. Masizi yale ndiyo maandishi yao ya pekee.